Misimu Minne kwa Fidla na kwa Sahani: Namna ya Kuandaa Jioni Nne za Mwaka Nyanda za Juu Kusini

Mwaka 1725, mjini Amsterdam, zilichapishwa konseto kumi na mbili za fidla, yaani tungo ambamo fidla moja huongoza kundi la ala, za Antonio Vivaldi. Nne za mwanzo ndizo dunia inazoziita Misimu Minne. Mwaka 1959, ndani ya jengo la Seagram huko New York, ulifunguliwa mgahawa wa kifahari wenye jina hilohilo, The Four Seasons, na ukumbi wake ulisanifiwa na Philip Johnson. Mgahawa ule ulilichukulia jina lake kwa uzito: kila msimu ulipogeuka, vyakula vilibadilika, mimea ya ukumbini ilibadilika, hata sare za wahudumu zilibadilika. Uliondoka kwenye jengo hilo mwaka 2016, ukafunguliwa upya kwingine 2018, na mwaka uliofuata ukafungwa.

Hoteli na migahawa kadhaa ya Mbeya na Iringa ina kila kinachohitajika ili kuandaa karamu inayounganisha konseto hizo na vyakula vya msimu: soko lenye mazao ya baridi na ya joto kwa umbali wa saa chache, wapishi hodari, na wapiga vinanda waliokulia kwenye kwaya. Mwongozo huu ni kwa ajili yao. Umepangwa kwa wageni 24, kwa sababu idadi hiyo inatosha chumba ambamo fidla moja inasikika bila kipaza sauti.

Jambo la kwanza la kuamua ni kwamba utaandaa jioni nne kwa mwaka, kila jioni na konseto moja. Wengi hutamani kupiga zote nne usiku mmoja na kuleta kozi nne, moja kwa kila msimu. Haiwezekani kwa uaminifu. Uyoga wa Januari hauwezi kukaa meza moja na mchele mpya wa Juni, labda uwe umekaushwa au umegandishwa, na hapo jina limekuwa pambo tu. Tena konseto zote nne huchukua takriban dakika 40, muda mrefu mno kwa mgeni aliyeshika uma. Konseto moja ni dakika tisa hadi kumi na moja, nayo ina sehemu tatu: ya haraka, ya polepole, ya haraka. Zinagawanyika vizuri katikati ya kozi.

Kalenda ni ya hapa

Misimu ya Vivaldi ni ya Italia. Huku kusini tuna mvua za mkupuo mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, kisha kipupwe, kisha ukavu wa joto. Usilazimishe tarehe za Ulaya. Gawa hivi: Majira ya Kuchipua yapigwe katikati ya Januari, mvua zikiwa zimekolea na maua ya Kitulo yamefunguka. Vuli ya Vivaldi, ambayo kwake ni mavuno na ngoma za wakulima, iwekwe Juni mwanzoni. Majira ya Baridi yawe mwishoni mwa Julai. Kiangazi kiwe mwisho wa Oktoba, wakati vumbi limetanda na kila mtu anatazama mawingu.

Utaona kiangazi kimehama kutoka nafasi ya pili hadi ya mwisho. Hakuna ubaya. Kila konseto inajitegemea, na mwaka wa wageni wako unakwisha vizuri zaidi na sehemu ya mwisho ya Kiangazi, ambayo ni dhoruba ya mvua ya mawe inayolaza mazao. Mkulima wa Uyole hahitaji kueleweshwa sehemu hiyo.

Jina kwenye karatasi

Vivaldi alifariki mwaka 1741, kwa hiyo muziki wake hauna mwenye kudai malipo. Nota zake zinapatikana bure mtandaoni. Kinachoweza kuwa na mwenyewe ni toleo lililohaririwa karibuni, mpangilio mpya wa kinanda, au rekodi. Chapa nota za toleo la zamani na utakuwa salama. Jina la biashara ni habari nyingine. Kwa Kiingereza, Four Seasons ni jina la kampuni kubwa ya hoteli, isiyo na uhusiano na mgahawa ule wa New York, na kampuni hiyo ina hoteli Serengeti. Usilibandike mlangoni. Tumia Kiswahili, na hata hivyo tafuta kwanza kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, upande wa majina ya biashara na upande wa alama za biashara pia, kwa sababu ni orodha mbili tofauti.

Mpiga fidla, kinanda na chumba

Vivaldi aliandika kwa fidla ya kuongoza, fidla mbili za kundi, viola (fidla kubwa kidogo yenye sauti nzito), chelo na kinanda cha kale (harpsichord). Wewe utahitaji watu wawili: fidla na kinanda. Mpiga kinanda umtafute kwenye kwaya za Kimoraviani, Kilutheri au Kikatoliki, lakini chagua anayesoma nota, maana wengi wanaopiga vizuri hupiga kwa sikio, na hapa kila mpigo umeandikwa. Mpiga fidla huenda akatoka Dar es Salaam au Zanzibar. Mpe nota wiki sita kabla, na afike siku moja kabla ya karamu, si asubuhi yake. Akija kwa basi, fidla ikae mapajani au juu ya begi ndani, kamwe si kwenye buti pamoja na magunia.

Makosa yanayorudiwa kwenye kinanda ni matatu. La kwanza: kinanda cha kanisani mara nyingi kimeachwa kimepandishwa au kushushwa ufunguo ili kumfaa mwimbaji fulani. Rudisha kwenye sifuri kabla fidla haijatungwa sauti, la sivyo mpiga fidla atakaza nyuzi kufuata uongo na uzi wa E utakatika. Sauti ya A iwe herzi 440. La pili: sauti ya piano yenye mwangwi mwingi huifunika fidla, tafuta sauti ya kinanda cha kale, vingi vinayo, na uzime mwangwi. La tatu: katika sehemu ya polepole ya Majira ya Kuchipua, viola huiga mbwa anayebweka, noti mbili kavu zinazorudiwa, na Vivaldi aliagiza zipigwe kwa nguvu sana na kwa kukwaruza. Kwenye kinanda noti hizo hubaki mkono wa kushoto, na wapigaji wengi huzilainisha kwa kuona haya. Wasizilainishe. Mchungaji amelala, mbwa yuko kazini.

Chumba cha mita sita kwa tisa kinatosha. Mweke mpiga fidla kwenye kona yenye kuta tupu nyuma yake, mbali na mapazia, naye asimame, na mlango wa jikoni uwe upande wa pili. Tazama juu: kama ni mabati bila dari, jioni ya Januari itakufa mara mvua itakapoanza, kwani hakuna fidla inayoshindana na mvua juu ya bati. Tafuta chumba chenye dari.

Hewa ya huku inaitesa fidla. Julai hadi Oktoba hewa ni kavu, vigingi vya mbao husinyaa, huteleza, na nyuzi hulegea zenyewe. Januari hewa ina unyevu, vigingi huvimba na kugoma kugeuka. Dawa ya kuteleza ni kusukuma kigingi ndani kidogo huku ukikizungusha, au kukipaka chaki kavu kidogo sana. Dawa ya kugoma ni kupaka sabuni kavu ya kipande. Kitambaa chenye unyevu, kilichokamuliwa hadi kisidondoke, kikiwekwa ndani ya kisanduku cha fidla pasipogusa mbao, husaidia kuzuia nyufa wakati wa ukavu. Fidla isikae karibu na jiko wala dirisha lenye jua. Na pawepo uzi wa akiba wa E, na wa A pia.

Mpangilio wa saa

Ratiba hii inafaa jioni zote nne, kwa mabadiliko madogo:

Saa 12:30 jioni, wageni wanapokelewa kwa kinywaji. Wahudumu watatu, kila mmoja na wageni wanane. Wazee wapewe shikamoo kwanza, na Iringa "kamwene" mlangoni hufungua nyuso.
Saa 1:00, wote wameketi. Mwenyeji anaeleza kwa Kiswahili kinachosimuliwa na sehemu ya kwanza. Kila konseto ilichapishwa na shairi lake la mistari 14, hivyo huna haja ya kubuni: sema ndege, vijito, radi, kisha kaa. Dakika moja.
Saa 1:02, sehemu ya kwanza. Kianzio kinafuata mara tu ikiisha.
Saa 1:40, sahani zimeondolewa zote. Sehemu ya pili. Jikoni wanaanza kupakua mlo mkuu mpiga fidla anapoinua upinde.
Saa 1:45, mlo mkuu mezani.
Saa 2:35, sehemu ya tatu, kisha kitindamlo na kahawa.

Kanuni isiyovunjwa: hakuna mhudumu anayetembea wakati wa sehemu ya pili, na hakuna sufuria inayogongwa. Sehemu hizo ni fupi, dakika mbili hadi tatu, na ukimya ndio unaozibeba. Ndiyo maana kupakua hufanyika wakati huohuo na mlango umefungwa. Mpishi awe amesikiliza rekodi mara kadhaa ajue mwisho unavyokuja, asisubiri kuitwa.

Januari: uyoga na ulanzi

Kinywaji ni ulanzi mtogwa, yaani pombe ya mianzi ikiwa bado tamu, uliogemwa asubuhi hiyohiyo. Utamu wake hauna subira: ndani ya saa chache unachacha na kupanda ukali, kwa hiyo uletwe kwenye chombo chenye barafu, kifuniko kisikazwe, maana gesi itakirusha. Lita tano zinatosha glasi moja ya mililita 200 kwa kila mgeni. Andaa kinywaji kingine kwa wasiokunywa pombe, kwani hata mtogwa umeshaanza kuchacha.

Uyoga wa porini wa misitu ya miombo unauzwa kando ya barabara. Chukua kilo tatu kwa wageni 24, kwa kuwa hupungua zaidi ya nusu ukishapikwa. Nunua kwa mchumaji anayejulikana, aina moja tu iliyozoeleka kuliwa mahali hapo, na ukiona hata mmoja usioutambua kwenye kikapu, acha kikapu chote. Kuchemsha hakuondoi sumu ya uyoga mbaya. Safisha mchanga kwa brashi na kitambaa. Ukiuloweka utanyonya maji na kuchemka badala ya kukaangwa. Kikaango kiwe cha moto sana, weka kidogo kidogo, chumvi mwishoni. Mlo mkuu uwe kuku wa kienyeji na majani ya maboga. Usilete samaki aitwaye mbasa wa Ziwa Nyasa jioni hii: msimu wa mvua ndio anaopanda mitoni kuzaa.

Juni: mchele mpya

Shairi la Vuli linasifu mvinyo, lakini ulanzi umeshakauka. Leta togwa ya ulezi, au mvinyo wa Dodoma. Mchele mpya wa Kyela ndio mfalme wa jioni. Kilo mbili zinatosha. Mchele uliotoka shambani majuzi bado una unyevu, kwa hiyo kikombe kimoja kinataka kikombe kimoja na robo cha maji, hadi kimoja na nusu. Ukiupa maji ya mchele wa zamani utapata bokoboko. Pika majaribio kikombe kimoja siku iliyotangulia. Maji yakikauka, palia mkaa juu ya kifuniko, punguza chini, dakika 20 bila kufunua.

Samaki kutoka Kyela asafirishwe na barafu kilo moja kwa kilo moja ya samaki, tumbo limesafishwa na kujazwa barafu pia. Sehemu ya tatu ya konseto ni uwindaji, na wapo watakaotaka nyamapori. Inunuliwe kwenye bucha lenye leseni na risiti ihifadhiwe. Bila hivyo ni ujangili, na kuku atoshe.

Upande wa muziki, sehemu ya pili ya Vuli, walevi wamelala, inategemea kinanda kuliko fidla. Noti za kinanda zimeandikwa kama mapatano marefu (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) lakini mpigaji anatakiwa ayavunje, noti moja baada ya nyingine, taratibu. Akiyashikilia tu, sehemu nzima inakuwa tupu.

Julai: kipupwe

Hii ndiyo jioni bora ya mwaka kwa nyanda za juu, na ndiyo yenye hatari nyingi. Muziki unaanza kwa kutetemeka, miguu ikikanyagwa chini na meno kugongana. Sehemu ya pili ni mtu aliyekaa karibu na moto huku mvua ikidonoa nje: fidla inaimba, na nyuzi nyingine, kwako kinanda, zinadondosha matone. Kisha kutembea juu ya barafu. Watu wa Makete na Mufindi walioamka kwenye sakitu wataelewa.

Usiingize jiko la mkaa kwenye chumba cha chakula kilichofungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu na inaua. Kama hakuna sehemu ya moto yenye bomba la moshi, pasha chumba kwa hita za umeme kuanzia saa 10 alasiri na uzizime muziki unapoanza kama zina feni. Mpiga fidla apewe maji ya moto ya kuloweka mikono, na fidla ikae chumbani humo saa nzima kabla ya kutungwa, kwa kuwa ikitoka kwenye baridi itabadilika sauti katikati ya kupiga.

Sahani zipashwe. Usiku wa Julai chakula kwenye sahani baridi hupoa kabla mgeni wa mwisho hajapakuliwa. Oveni nyuzijoto 70 kwa dakika 15 inatosha, au zitumbukizwe kwenye maji ya moto na kufutwa.

Kianzio ni supu ya njegere mbichi: kilo nne zikiwa na maganda, zitakupa karibu kilo moja na nusu ya punje, pamoja na lita tatu za mchuzi wa mifupa. Chemsha punje dakika tano hadi nane tu, saga mara moja, la sivyo kijani kinageuka kahawia.

Mlo mkuu ni nyama ya muundi iliyopikwa taratibu. Kilo tano bila mfupa, vipande vya sentimita nne. Kaanga kwa mafungu mpaka upate rangi ya kahawia. Ukijaza sufuria itatoa maji na kuchemka. Ongeza vitunguu kilo moja na nusu, karoti kilo moja, nyanya, mchuzi hadi nusu ya kimo cha nyama, funika, moto mdogo saa tatu. Mbeya mjini, karibu mita 1,700 juu ya bahari, maji huchemka takriban nyuzijoto 94. Nyama ya kupika taratibu haiathiriki sana, kwani kano zake huyeyuka chini ya hapo. Maharage na viazi ndivyo vinavyochelewa. Ukiweka maharage pembeni, yaloweke saa 12 na utumie presha kuka, dakika 25 hadi 30. Magadi huyaharakisha, ila huyapondaponda na kuacha ladha yake. Viazi vya Isyonje kilo tano viponde vikiwa moto, kwa maziwa ya moto ya Rungwe. Maziwa baridi huvifanya vinate.

Kitindamlo ni kikombe kidogo cha kakao ya Kyela. Omba punje zilizochachushwa kabla ya kukaushwa. Kata chache katikati: ndani pawe kahawia na mipasuko, zikiwa za kijivu au zambarau, ukali hautaondoka kwa sukari yoyote. Gramu 400 zikaangwe kwenye oveni nyuzijoto 125 kwa dakika 20 hadi 25, zimenywe, zibaki kama gramu 320. Saga kwenye kinu kilichopashwa moto ili mafuta yatoke na unga ugeuke uji mzito. Changanya na sukari gramu 250 na maziwa lita moja na robo, koroga kwenye moto mdogo dakika kumi. Mililita 60 kwa kila mgeni. Ni nzito, zaidi ya hapo inachosha.

Oktoba: kiangazi

Menyu iwe baridi na fupi: parachichi lililoiva, samaki wa Nyasa aliyechomwa na kupoozwa kwa ndimu, embe za mwanzo kama zimefika kutoka Kyela, kahawa ya Mbozi juu ya barafu. Parachichi halilainiki likiwa mtini, kwa hiyo nunua magumu siku tano kabla na uyafunge kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu. Kata dakika za mwisho.

Sehemu ya pili ya konseto hii ina nzi, na Oktoba jikoni kuna nzi wa kweli. Kila chombo kifunikwe kwa chandarua tangu mchana. Jaza mapipa ya maji siku mbili kabla. Kinanda kiunganishwe na betri yake au na kifaa cha kuhifadhi umeme, kwa sababu jenereta huchukua sekunde kadhaa kuwaka na kinanda kinachozimika katikati ya Presto, yaani sehemu ya tatu ya haraka, huanza upya kikiwa na sauti ya kiwandani, ikabidi mpigaji atafute tena sauti yake.

Dhoruba ya kweli ikifika kabla ya ile ya Vivaldi, na msimu huo hutokea, usishindane nayo. Toa kitindamlo kwanza, subiri ipungue, kisha piga sehemu ya tatu kahawa ikiwa mezani.